Fulana za Baba Mdogo

Sanduku la kwanza lilipofunguliwa, Victoria alisikia harufu ya moshi wa kuni. Ilikuwa hafifu, imejificha chini ya harufu ya kitambaa kipya, lakini mtu aliyekulia Kilema haipotezi harufu ile hata akiwa na mafua. Alichungulia dirishani kuona kama kuna jirani anayepika. Ilikuwa saa nne asubuhi ya Jumatano na mtaa mzima wa Pasua ulikuwa kwenye biashara zake, hakuna aliyekuwa anachochea kuni.

Aliinama tena juu ya sanduku. Zilikuwa fulana tisa za kuzuia risasi, nyeusi, zimekunjwa kwa heshima zote, na kila moja ilikuwa na mabamba yake mawili, la kifuani na la mgongoni. Ya kumi muuzaji alibaki nayo nyumbani ili awaonyeshe wateja wengine. Meneja Filemon alisimama mlangoni akizitazama, na furaha yake ilikuwa wazi usoni.

"Saini tu, dada Viki," alisema. "Jumatatu gari linatoka."

Victoria Mallya hakuwa mtu wa saini tu. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kumi na miwili kati ya hiyo aliitumia jeshini, mingi yake ndani ya stoo za vifaa, na mmoja nje ya nchi kwenye kulinda amani, ambako fulana ya namna hii aliivaa toka asubuhi hadi jioni mpaka mabega yakaota sugu. Sasa alikuwa mtunza vifaa wa kampuni ndogo ya ulinzi hapo Moshi, iliyoitwa Nguzo. Hakuna buti, filimbi wala tochi iliyotoka stoo bila jina lake chini ya karatasi. Walinzi walimwita Mama Saini, naye alijifanya hajui.

Safari hii saini yake ilikuwa na uzito kuliko siku zote. Nguzo walikuwa wamepata kazi ya kusindikiza mawe ya mnunuzi wa madini kutoka Mirerani, na mkataba ulisema waziwazi kwamba hakuna mlinzi atakayepanda gari bila fulana ya daraja la tatu iliyokaguliwa na kupitishwa. Isipopitishwa, mteja anachukua kampuni nyingine. Filemon, mtu mwema wa Mwika mwenye tabia ya kutokwa jasho hata kwenye baridi ya Julai, alikuwa ameshaota ndoto nyingi juu ya mkataba ule.

Fulana za zamani za kampuni zisingefaa. Zile zilikuwa laini, za nyuzi za aramidi, daraja la tatu A, lililo chini ya la tatu kamili, na kazi yake ni kuzuia risasi za bastola. Mtu akija na SMG, ile bunduki ya kivita ambayo majambazi wa barabara huipenda, fulana laini inakuwa koti la kawaida tu. Kwa risasi ya namna hiyo lazima uongeze bamba gumu mbele na nyuma. Victoria alimweleza Filemon hayo miezi mitatu nyuma, wakinywa chai, na akamweleza pia kwamba mabamba yenyewe ni ya aina tatu.

"Chuma ni rahisi na kinadumu," alimwambia siku ile, "lakini ni kizito, na risasi ikigonga chuma inapasuka, na vile vipande vinaruka kutafuta shingo na kidevu chako. Kauri ni nzuri, inaivunja hata risasi yenye chuma kigumu ndani, hiyo ndiyo ya daraja la nne. Ila mlinzi akiiangusha sakafuni inapata ufa ambao hauuoni mpaka uipige eksirei, kama mguu. Na bado ni nzito."

"Na aina ya tatu?"

"Ya tatu ni plastiki. Usicheke. Ni ukoo mmoja na madumu ya maji, ila nyuzi zake zimevutwa zikawa na nguvu ya ajabu, zikalazwa tabaka juu ya tabaka, mamia, zikabanwa mpaka zikawa kitu kimoja. Ni nyepesi, hata ukiitupa mtoni inaelea. Vijana wetu wanakaa kwenye gari la joto kutwa nzima, bamba zito watalivua tu na kuliweka chini ya kiti. Wape la plastiki. Adui yake mkubwa ni joto kali, basi."

Filemon alisikia "plastiki" na "nyepesi". Hilo la joto lilipita juu ya kichwa chake. Akaanza kutafuta, na katika kutafuta akamkuta Mzee Ildefonce, mfanyabiashara wa Kilema aliyeuzia makampuni ya ulinzi sare na buti kwa miaka mingi. Mzee alikuwa na fulana kumi hasa za aina hiyo, zilizoagizwa kutoka nje kwa kibali cha polisi miaka miwili iliyopita kwa ajili ya kampuni moja ya Arusha ambayo ilikufa kabla haijazichukua. Aliuza ng'ombe wawili ili kuzitoa bandarini. Tangu siku ile zilikuwa zimemkaa shingoni.

Ildefonce alikuwa baba mdogo wa Victoria. Baba yake mzazi alipofariki, Victoria akiwa na miaka tisa, ni Ildefonce aliyemchukua yeye na mama yake wasiondoke kihambani, kwenye shamba la ukoo, akamsomesha kwa kahawa hadi kidato cha nne, na siku ya kwenda jeshini akamsindikiza mpaka stendi akiwa amevaa suti. Kwa hiyo Filemon alipomwuliza kama mzee anaaminika, Victoria alijibu bila kuwaza mara mbili kwamba baba yake mdogo hajawahi kuuza kitu bandia maishani mwake. Na ni kweli, hajawahi.

Karatasi zote zilikuwa safi. Jina la kiwanda lilikuwepo, daraja la tatu lilikuwepo, tarehe ya kutengenezwa ilionyesha miaka mitatu na dhamana ilikuwa ya mitano, na namba ya kila bamba ililingana na cheti. Filemon alifuata kila namba kwa kidole chake na kila ilipolingana alisema "sawa" kwa sauti. Kwa watu wengi ukaguzi huishia hapo. Wanakagua karatasi, na karatasi haijawahi kupigwa risasi.

Victoria alitoa bamba la kwanza kwenye mfuko wake akalilaza mezani. Likacheza. Alilisukuma kona moja kwa kidole, kona nyingine ikainuka. Akalitoa la pili, nalo likacheza zaidi. Kwenye ukingo wa la tatu tabaka zilikuwa zimeanza kuachana, na ukucha wake uliingia bila shida. Aligonga kila moja kwa sarafu ya mia mbili huku ametega sikio karibu, na mengine yalijibu kwa mlio mkavu, mengine yalijibu kama godoro. Harufu ya moshi ilikuwa kwenye yote.

Alimpigia simu mzee hapo hapo.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mzigo umefika salama?"

"Umefika. Baba, hizi fulana ulikuwa unazihifadhi wapi?"

"Pazuri kuliko benki," mzee alisema, na Victoria alimsikia anavyotabasamu. "Unajua mvua za huku. Ningeziweka chumbani zingeota ukungu, na panya je? Nilimwambia mama yako mdogo azitoe kabatini, tukazipandisha darini, jikoni. Pale pale zinapokaa mbegu za mahindi. Miaka miwili, hakuna hata panya aliyezigusa."

Victoria alikaa chini. Alilijua dari lile. Lilikuwa la miti iliyopangwa juu ya mafiga, jeusi kwa masizi ya vizazi vitatu, na kila kitu cha thamani katika nyumba ile kilipitia pale: mbegu, ngozi, ndizi za kuivisha kwa ajili ya mbege, ile pombe ya ndizi, hata vyeti vya ubatizo vilivyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Moshi ulifukuza wadudu, moto ulifukuza unyevu. Wazee walikuwa sahihi kwa kila kitu walichokijua. Lakini jiko la mama yake mdogo, Mama Dominika, liliwashwa mara tatu kwa siku, na siku za kupika mbege sufuria ilichemka toka asubuhi hadi jioni, na siku hizo ukipandisha mkono kwenye miti ya dari huwezi kuuacha pale ukahesabu mpaka kumi. Mabamba yalikuwa yamepikwa polepole kwa miaka miwili, kwa mapenzi na uangalifu wote.

"Kuna tatizo?" mzee aliuliza.

"Nitakupigia, Baba," alisema.

Alimweleza Filemon, na Filemon akatokwa jasho. Alisema moshi haujawahi kutoboa kitu. Alisema pengine mabamba yalitoka hivyo hivyo kiwandani. Mwisho alikubali jambo moja: lichaguliwe bamba moja, lipigwe, na maneno yaishe. Aliomba ruhusa polisi, na Alhamisi mchana wakaenda kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, Filemon, Victoria, walinzi wawili wa kubeba vitu, na Mzee Ildefonce mwenyewe, aliyeshuka kutoka Kilema na kofia yake ya kanisani.

Victoria alikuja na beseni kubwa la udongo wa mfinyanzi, ameukanda mpaka ukalainika sawasawa. Walinzi walimtania kwamba Mama Saini ameamua kufungua kiwanda cha vyungu. Yeye alilijaza kasha la mbao kwa ule udongo, akausawazisha uso wake kwa ubao, na kufunga fulana na bamba lake juu yake. Inspekta aliyepewa kazi ile alilala chini na SMG, akapiga mara moja.

Walikimbia kwenda kuona. Filemon alifika wa kwanza, akachungulia nyuma ya bamba, akaruka.

"Haijapita! Imezuia! Mzee wangu, imezuia!"

Mzee Ildefonce alivua kofia akafanya ishara ya msalaba. Victoria pia alifurahi, tusimsingizie. Kwa nukta chache alimpenda mzee wake na kuupenda mkataba na kuipenda Jumatatu. Kisha akafungua mikanda, akaliondoa bamba taratibu, na kuangalia udongo.

Palikuwa na shimo. Risasi ilibaki ndani ya bamba, lakini bamba lenyewe lilivimba kwa nyuma na kuuchimba udongo. Alitoa rula mfukoni akapima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza hakuyaamini macho yake na mara ya pili hakutaka kuyaamini.

"Wanaopima hizi fulana wanaruhusu shimo la milimita arobaini na nne," alisema. "Hili ni sitini na tatu."

"Lakini haijapita," alisema Filemon.

"Meneja, huu udongo ndio kifua. Mbavu ziko hapa, na moyo uko hapa." Alionyesha kwa kidole. "Risasi haitaingia, lakini bamba litaingia lenyewe. Na hii ni risasi moja, kwenye bamba lililolia vizuri kuliko yote. Mengine hayajalia hivyo."

Filemon alipangusa jasho. Mzee Ildefonce hakunyamaza. Labda ni ile furaha iliyokatizwa, labda ni ng'ombe wawili, labda ni aibu ya kupimwa mbele ya watu na mtoto aliyemnunulia kalamu yake ya kwanza. Alisogea mpaka akawa uso kwa uso naye, na maneno yakamtoka mbele ya walinzi, mbele ya inspekta.

"Mimi nimekulisha. Kahawa yangu ndiyo imekutoa kwenye kuchunga mbuzi wa watu. Leo unanipima kwa rula? Ningejua ningekuacha uende ulikokuwa unakwenda, wewe na mama yako."

Alipokwisha kusema, alivaa kofia akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, na hakukubali kupandishwa gari. Victoria aliendelea kukwangua udongo kutoka kwenye fulana. Walinzi wale wawili wakatafuta kitu cha kuangalia kwingine.

Ijumaa ilikuwa siku mbaya. Filemon aliingia stoo mara nne, na kila mara alikuwa na hoja mpya. Ya nne ndiyo ilikuwa nzuri.

"Hebu niambie kama ndugu," alisema. "Bamba bovu na kifua kitupu, kipi bora?"

Victoria alilifikiria swali hilo kwa haki, maana halikuwa swali la kijinga. Alimkumbuka askari mmoja kule walikokuwa wakilinda amani, kijana mcheshi, ambaye siku zote alipita akiwa ameinama nyuma ya ukuta, mpaka siku aliyopewa fulana mpya. Siku hiyo alipita amenyooka. Hakupigwa, walicheka naye jioni, lakini Victoria hakuusahau ule mwendo wake.

"Mtu mwenye kifua kitupu anajua ana kifua kitupu," alimjibu. "Anajificha, anakimbia, anaacha mawe yachukuliwe. Ukimvalisha fulana umemwambia asimame. Mimi nikisaini, ni mimi niliyemwambia asimame."

Filemon aliondoka. Lakini mtu anaweza kutoa jibu zuri na bado akabaki na moyo mzito. Victoria alikaa na ile karatasi mbele yake mchana kutwa. Alijua kusaini ni sekunde moja, na kwamba kuna uwezekano mkubwa hakuna atakayepigwa risasi yoyote, mwaka huu wala ujao. Mzee angepata fedha yake, Krismasi angepanda Kilema na kukaribishwa. Akikataa, atakuwa amemfilisi mtu pekee ambaye yeye amekuwa akimwita baba tangu akiwa na miaka tisa. Alitamani sana kusaini. Kama kuna msomaji anayedhani watu waadilifu hawatamani, hajawahi kukaa kwenye kiti kile.

Saa kumi jioni aliingia Sylvanus, jirani wa Kilema, ndugu wa ukoo. Alikataa kiti. Alitoa ndani ya koti jani refu la kijani lililofungwa fundo katikati, akalishika kwa mikono miwili.

"Nimetumwa na Ildefonce," alisema. "Anasema kinywa chake kilimponyoka. Anaomba."

Lilikuwa isale, jani la kuombea msamaha. Mchagga hakatai isale. Hata aliyeuliwa ndugu yake, akiletewa jani hilo, hukaa chini akasikiliza, na kulirudisha ni kujitafutia laana ya ukoo mzima. Tena isale kwa kawaida hupanda, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mzee wa miaka sabini na moja kulituma kwa binti yake lilikuwa jambo ambalo Victoria hakuwahi kuliona. Alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakamjaa.

"Aika, asante," alisema. "Mwambie kesho nakuja."

Jumamosi alipanda Kilema. Barazani palikuwa pamewekwa viti vinne na kata ya mbege, na Mama Dominika alikuwa amepika mtori wa ndizi. Victoria aliwasalimu shikamoo mmoja mmoja. Mzee alisema maneno yake tena mbele ya Sylvanus, kwamba alikosea, kwamba marehemu kaka yake angemkemea. Victoria akasema amesamehe, na amesamehe kweli, hana kitu moyoni. Wakanywa kata moja, ikazunguka. Kwa muda nyumba ikawa nyumba.

Ndipo mzee akapangusa midomo na kusema, "Basi yameisha. Jumatatu hao vijana wasafiri salama."

Victoria aliona namna Sylvanus anavyotikisa kichwa kukubali, na namna mama mdogo anavyopumua kwa nafuu, akaelewa walichodhani amekubali alipopokea lile jani.

"Baba," alisema, "maneno uliyonikosea mimi nimeyasamehe. Fulana hazikunikosea mimi. Siwezi kuzisamehe kwa niaba ya mtu atakayezivaa."

Mama Dominika ndiye aliyemjibu, na sauti yake ilikuwa kali.

"Wenzako wanasaidia wazee wao. Wewe unapokea isale, unakunywa pombe yetu, halafu unakataa? Si mlipiga wenyewe na ikazuia? Baba yako kasema, meneja kasema, polisi kaona. Unajifanya unajua kuliko wote."

"Mama, haikupita, lakini..."

"Haikupita. Basi!"

Mzee alisimama akaingia ndani. Aliporudi alikuwa ameishika fulana ya kumi, ile aliyobaki nayo. Aliipitisha kichwani mwake, kofia ikaanguka, akaivuta mikanda ya pembeni akaifunga. Mwili wake ulikuwa umepungua sana miaka ya karibuni, na bamba lilimfunika kutoka shingoni hadi tumboni.

"Mwambie Filemon Jumatatu ninashuka mimi," alisema. "Nitakaa kiti cha mbele cha gari hilo, nimevaa hii hii. Nitakwenda Mirerani na kurudi, kila siku, mpaka uridhike. Mimi sijawahi kumwuzia mtu kitu ambacho siwezi kukivaa mwenyewe."

Hakuwa anatania. Victoria alimjua, na alijua atakaa kwenye kile kiti kweli, amenyooka. Hoja zake zote zilikuwa za milimita, na mbele yake alikuwa amesimama baba yake.

"Vua," alisema Mama Dominika.

Mzee aligeuka. "Nini?"

"Vua hiyo, mzee wangu."

"Si umesema sasa hivi imezuia?"

"Nimesema. Vua." Alikuwa ameshasimama, vidole vimekamata kanga yake kifuani. "Huendi popote na hiyo. Mbavu zako mimi ndiye ninayezikanda usiku ukikohoa. Haziwezi. Vua."

"Hakuna anayepiga risasi hapa barazani, mama."

"Hata kama. Sitaki kukuona nayo."

Akaanza kulia, mwanamke ambaye Victoria hakuwahi kumwona akilia hata msibani. Sylvanus alishusha kata chini. Mzee Ildefonce alimtazama mkewe, kisha akainamisha uso akalitazama lile bamba kifuani pake.

"Hao vijana ni wangapi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Tisa," Victoria alijibu.

"Wana wake?"

"Sita wana wake. Watatu wana mama zao tu."

Mzee alipeleka mkono kwenye mkanda wa pembeni, ukamshinda, akajaribu wa pili, nao ukamshinda. Victoria aliinuka akamfungulia, mmoja baada ya mwingine, akamvua fulana ile kupitia kichwani na kuiweka sakafuni. Shati la mzee lilikuwa limelowa.

"Kaandike hazifai," alisema. "Zote kumi. Na jina langu liwepo chini ya lako, kwamba mwenye mali amekubali."

Victoria aliegemea bega la baba yake mdogo na kulia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, na mzee hakumnyamazisha, wala hakumsukuma.